Sabuni Iliyoganda kwa Baridi

Shwii. Sauti yenyewe ilikuwa hiyo tu, nyembamba kama mchanga unaomwagika juu ya karatasi. Ilitoka kwenye meza ya mwalimu wa sayansi, siku alipochanganya unga wa chuma na unga wa manjano wa salfa, kisha akapitisha sumaku juu ya mchanganyiko huo. Chembe za chuma ziliruka kwa pamoja zikaing'ang'ania sumaku kama watoto waliomwona mama yao akirudi sokoni. Unga wa manjano ukabaki mezani, peke yake.

Mwalimu akachanganya tena. Mara hii aliutia mchanganyiko kwenye kijibomba cha kioo, akaushikilia juu ya moto mpaka ukaanza kuwaka wekundu kwa ndani, ukaendelea kuwaka hata alipouondoa motoni. Ulipopoa alivunja kile kioo kwa nyundo ndogo, likatoka donge jeusi. Akalisaga, akaleta sumaku. Darasa zima likatega sikio. Sauti haikutokea.

"Chuma kimekwenda wapi?" mwalimu akauliza.

Mmoja akasema kimeungua. Mwingine, wa dawati la nyuma, akasema mwalimu amekificha mfukoni.

"Kimo humuhumu," mwalimu akasema. "Lakini hakirudi. Kule mwanzo vilikuwa viwili vimekaa pamoja. Sasa ni kitu kingine kabisa."

Msichana wa dawati la mbele aliacha shule mwaka uliofuata, mama yake alipoanza kuugua na nguo za watu zikawa hazina wa kuzifua. Hakubahatika kurudi. Lakini swali la siku ile alikwenda nalo, akalitia kwenye beseni la kufulia, akalitia jikoni, akaolewa nalo, akafiwa na mume akiwa nalo, na leo, nywele zikiwa zimeanza kuingia mvi kando ya masikio, mtaa mzima unamwita Mama Inarudi.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Mtoto akikoroga chumvi kwenye maji, yeye huuliza, "Inarudi?" Kisha huchemsha yale maji mpaka yaishe, na kumwonyesha mtoto ukoko mweupe chini ya sufuria. Chumvi imerudi. Yai lililochemshwa halirudi. Sukari ya kwenye chai inarudi ukiwa na subira. Sukari iliyoungua kwenye kikaango hairudi hata uibembeleze vipi. Maziwa yaliyokamuliwa ndimu yakakatika, uyamwage au uyale hivyohivyo, maana ndimu haiwezi kuombwa iyaachie.

Wanawake wa mtaani hawakuliacha jina hilo lilale. Fundi cherehani wa kona ya pili alipomhama mkewe, walimzonga Mama Inarudi bombani.

"Tusaidie mwenzetu, wewe mtaalamu. Yule naye anarudi?"

"Amechukua cherehani?" akauliza, huku akikinga ndoo yake.

"Amechukua."

"Na mto wa kulalia?"

"Na mto."

"Basi hiyo imeshaungua."

Wakacheka mpaka mwenye mume naye akacheka, akasema afadhali angalau atalala katikati ya kitanda.

Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Kuna jiko kubwa la mkaa, ndoo, mizani, masanduku ya mbao ya kumiminia, na shelfu ambako sabuni zilizokatwa hupumzika. Humo ndimo alimojifunza kwamba macho ni mepesi kudanganywa. Maji yakichemka yanatoa mapovu mengi, lakini ni maji yaleyale. Kahawa ikiingia kwenye maziwa rangi inabadilika, na bado kahawa ni kahawa na maziwa ni maziwa. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, ikitiwa kwenye maji ndoo hupata moto mpaka haishikiki, na mvuke wake hukaba koo. Mgeni akiona hivyo huapa kwamba kitu kipya kimezaliwa.

"Bado ni kostiki," Mama Inarudi huwaambia. "Ila sasa imelowa na imekasirika."

Sabuni huzaliwa kostiki hiyo inapokutana na mafuta na kukorogwa mpaka vyote viwili vikubali kupotea. Hapo ukitafuta mafuta huyaoni, ukitafuta kostiki huioni.

Aliyemfundisha kukoroga ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Wifi alikuwa amefanya kazi kiwandani ujanani, na ndiye aliyempa Mama Inarudi, wakati huo bibi harusi, ule mwiko mrefu wa mbao wiki ileile aliyoingia nyumbani kwao. Tangu hapo walifanya kazi pamoja: Mama Inarudi anapima na kuangalia moto, Wifi anakoroga. Wifi alikuwa na neno lake. Mwiko ukiinuliwa na matone yakaacha mstari juu ya ule uji wa sabuni bila kuzama, husema, "Inaandika." Wifi akisema inaandika, inamiminwa. Hakuna aliyewahi kuhoji.

Mwaka mmoja mkunga mkuu wa wodi ya wazazi aliwaomba sabuni. Alikuwa ameijaribu mwenyewe kwanza, wiki baada ya wiki, kwenye mikono iliyokuwa imepasuka kwa kunawa mchana na usiku. Alitaka isiyo na manukato wala rangi, ya kunawia wakunga na kuogeshea watoto wachanga. Ilitakiwa mwisho wa mwezi unaofuata. Msimu ule mafuta yalikuwa adimu. Muuza mafuta alishawaambia kwamba hana mengine mpaka barabara zikauke. Kwa hiyo yote waliyokuwa nayo yaliwekwa kwa kazi hiyo moja. Ikiharibika, wodi itakosa sabuni, na mkunga hatawaomba tena.

Asubuhi ya kumimina kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Mama Inarudi alikwenda hospitali kupima visahani vya sabuni vya wodini, ili ajue vipande vikatwe kwa ukubwa gani. Wifi alibaki peke yake. Mkaa ulikuwa umepigwa na umande, haukutaka kushika; mafuta ya mawese, ambayo baridi ilikuwa imeyagandisha kwenye madumu, aliyapasha yakalainika tu, akaona yanatosha. Kostiki ilikuwa imeyeyushwa tangu jana yake na sasa ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akavichanganya, akaanza kukoroga. Bega lake lilikuwa likimsumbua siku hizo, ingawa hakumwambia mtu. Na tazama, kabla bega halijaanza kulalamika, uji ukawa mzito, mwiko ukaacha mstari.

Mama Inarudi aliporudi alasiri alimkuta amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, masanduku yamefunikwa mablanketi.

"Umechelewa, wifi yangu. Kazi imeisha."

"Imeisha? Uliita jeshi?"

"Imeandika kabla sijachoka. Leo imeniheshimu. Labda hukujua kwamba huwa inachelewa kwa ajili ya mdomo wako."

Mama Inarudi akacheka, akainama, akaingiza kiganja chini ya blanketi. Sabuni inayogeuka hutoa joto lake yenyewe. Sanduku hupata moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na mbao hutoka jasho. Siku zote aliifurahia homa hiyo. Leo mbao zilikuwa baridi. Akahamishia kiganja sanduku la pili, akakiacha hapo, akasubiri. Baridi.

"Ulimimina saa ngapi?"

"Mapema. Jua lilikuwa halijafika ukutani."

Jua sasa lilikuwa limeshaupita ukuta likaenda zake.

"Wifi, haina joto."

"Na nani ana joto leo? Nishike mimi uone."

Usiwe mwepesi wa kusema jambo ambalo hujaliona kwa macho mawili, ndivyo alivyojizoesha. Alilala nalo.

Kesho yake wakafungua. Sabuni ilikuwa nzuri. Kisu kilipita bila kukwama, vipande vikatoka laini, rangi ya samli, kona zimesimama. Wifi alivipanga kwenye shelfu kimoja baada ya kingine, akarudi nyuma hatua chache kuvitazama.

"Angalia sura hiyo," akasema. "Bibi harusi."

Mama Inarudi alichukua kipande kimoja, akakitia kwenye sufuria ndogo, akakiweka juu ya makaa machache, kando, pasipo moto mkali. Akachuchumaa. Wifi naye akasogea, mikono kiunoni.

Kwanza kona zilizama. Kisha ubavu ukateleza. Kisha kipande kizima kikalala kama siagi, na kutoka ndani yake mafuta yakaanza kutiririka, mekundu, maangavu, yaleyale ya kwenye dumu. Alipoyamimina kwenye glasi yalipanda juu. Chini yake yakabaki maji ya ukungu. Akachovya humo ncha ya kijiti, akaigusisha kwenye mkono wake kidogo tu, akaenda haraka kunawa. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuwasha.

"Imerudi," akasema.

Maisha yake yote alikuwa akilifurahia neno hilo. Siku hiyo lilimkausha mdomo. Ile haikuwa sabuni. Ilikuwa mafuta na kostiki vilivyosimama bega kwa bega vikigandishwa na baridi, vikingoja mahali penye joto ili viachane. Na mahali penye joto ni wapi, kama si kwenye maji ya kumwogeshea mtoto wa siku mbili?

"Kila kitu ukikipika kinayeyuka," Wifi akasema. "Hata wewe nikikuweka hapo utayeyuka."

"Sabuni haiyeyuki ikawa mafuta."

Alikwenda kwenye shelfu ya chini, akachukua kipande cha msimu uliopita, akakiweka kwenye sufuria ileile baada ya kuipangusa. Wakakaa wakikitazama. Kilinuna. Kikalegea kona moja kama unga uliokandwa, kikatoa mvuke kidogo, basi. Hata tone la mafuta halikutoka.

Wifi alivitazama vyote viwili, glasi na sufuria, kwa muda mrefu.

"Basi tuiache kwenye shelfu," akasema. "Mwezi mzima upo. Itaiva yenyewe polepole."

"Inaweza. Na inaweza ikaiva upande mmoja."

"Utaonja. Siku zote unaonja."

"Nitaonja kona moja, wifi. Kona nyingine ataionja mtoto."

Wifi akafungua aproni yake, fundo la nyuma likamshinda kwa sababu ya bega, akalivuta kwa hasira.

"Sema tu kwamba nimezeeka. Unazunguka nini na visufuria? Sema, nikakae barazani na wenzangu wanaongoja kufa."

Ilikuwa rahisi hapo kumwambia hapana, hujazeeka, kumpiga mgongoni na kumfanya mtoto. Mama Inarudi alimjua. Neno la huruma lingemtoa bandani asirudi tena. Akachukua kisu.

"Mimi nasema habari ya sabuni," akasema. "Washa jiko kubwa."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi nakata. Huo moto ukipanda, sufuria itafurika itatuchoma miguu. Ukishuka, vitaachana tena. Unautaka katikati, na uukalishe hapohapo mpaka nikuambie."

"Moto unaangaliwa na watoto."

"Huu wa leo hapana."

Wifi alisimama na aproni mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika akiuliza, "Na mafuta? Mafuta ndiyo yameshapotea hivyo."

"Yamepotelea wapi? Umeyaona kwenye glasi. Kama yangekuwa yamegeuka kitu kibaya, hapo ningekaa chini nikalia. Hayajageuka kitu chochote. Yamo yote, na kostiki imo yote. Tunachofanya ni kuanza tena mahali ulipoanzia wewe, ila kwa moto."

Wifi akaifunga aproni. Fundo akalifungia mbele.

Walivaa glavu, wakafungua madirisha yote, wakavirudisha vipande kwenye sufuria kubwa. Bibi harusi akaanza kuzama. Kona zake nzuri zilikwenda kwanza, na muda si muda hapakuwa na kipande hata kimoja, ila ziwa jekundu juu na ukungu chini. Wifi alilichungulia, midomo ameibana. Sufuria ilikuwa ikisema yenyewe.

Mama Inarudi akashika mwiko.

Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Mafuta yalikuwa yakikwepa. Mwiko ukipita yanafunguka, yanajifunga nyuma yake, yanarudi juu kung'aa. Alikoroga kwa mkono wa kulia mpaka kiwiko kikawa kama si chake, akahamia wa kushoto. Moshi wa mkaa ulimtoa machozi, akayaacha yatoke. Wifi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, akiondoa kaa hapa, akisogeza kaa pale, akipuliza, akimwaga majivu kidogo moto ulipotaka kiburi. Hakuinua macho.

"Unachoka," Wifi akasema.

"Nachoka."

"Pumzika."

"Nikipumzika na yenyewe itapumzika."

Kisha ule wekundu ukaanza kufifia. Ulififia pembeni kwanza, ukawa kama chai inayotiwa maziwa, na Mama Inarudi, aliyejua jinsi rangi inavyoweza kudanganya, hakufurahi bado. Uji ukawa mzito. Ukaandika. Wifi akauona mstari, akafumbua mdomo, akaufumba. Mwiko ukaendelea. Uji ukavimba, ukapasuka mabonde, ukaanza kuvutika na kuwa na mng'ao wa mafuta ya kujipaka, mzito mpaka mwiko ulisimama wenyewe katikati.

Mama Inarudi akachota kijiko kimoja, akakiweka kwenye kisahani kipoe.

"Nipe mimi," Wifi akasema.

Alilowesha kidole, akakisugua kwenye lile donge, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Sabuni yenye kostiki huru hupiga ulimi kama waya wa umeme. Wifi alisubiri, macho ameyafumba, uso umekunjamana kwa ladha.

"Haiumi," akasema. Akatema, akasukutua. "Mbaya kama sabuni."

"Ndiyo yenyewe."

"Ipashe tena," Wifi akasema. "Tuone."

Wakaipasha kwenye sufuria ndogo. Ikanuna, ikalegea kona, ikakaa. Wifi akaisogeza karibu zaidi na moto. Ikakaa. Akatia maji ya moto juu yake, akakoroga, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kuingia humo, akitafuta jicho la mafuta juu ya maji. Hakuliona. Povu tu.

"Hairudi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitumia neno la mwenzake bila kulifanyia mzaha.

Sabuni ya kupikwa haimiminiki. Waliisindilia kwenye masanduku kwa vijiko na ngumi, na ilipokatwa ilitoka na mabonde, mashimo na vipele, kona zikimeguka. Wifi aliipanga kwenye shelfu, akarudi nyuma hatua zilezile kuitazama.

"Bibi harusi amepata ndui," akasema.

Ndipo wote wawili wakacheka, kwa uchovu, mpaka ikabidi wakae chini sakafuni.

Siku ya kuipeleka walikwenda pamoja, kila mmoja na boksi lake; Wifi alikataa kupewa lile dogo. Mkunga mkuu aliwapokea kwenye chumba cha kunawia cha wodi, chenye vigae vyeupe na harufu ya dawa. Nyuma ya mlango mtoto mmoja alikuwa akilia, na mwingine akimjibu. Mkunga akafungua boksi, akatoa kipande, akakigeuza huku na huku.

"Mama zangu, hii imekuwaje? Ile ya kwanza ilikuwa laini. Hii ina sura ya jiwe la mtoni."

"Hii imepikwa," Mama Inarudi akasema. "Nawa kwanza."

Mkunga akanawa. Akasugua upande wa ndani wa kiwiko, mahali ngozi ni nyembamba, akaacha povu likae huku akitazama ukuta. Akasuuza. Akatazama. Akachukua kipande cha pili kutoka chini kabisa ya boksi, akafanya vilevile mkono wa pili. Mwishowe akaitika kwa kichwa.

"Ni nzuri," akasema. "Nzuri kuliko sura yake. Lakini mtu hapiki sabuni upya kwa kupenda. Kuna kitu kiliharibika, na hawa wangu ni wa siku moja, mbili. Niambieni ukweli. Nani alikosea?"

Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliliweka chini boksi lake, akanyoosha mgongo, mkono mmoja ukashika bega linalouma. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema.

Mama Inarudi hakumtazama. Alikuwa akivirudisha vile vipande vilivyolowa kwenye kisahani cha wodi, kimoja, kingine, vikae sawa.

"Kulikuwa na baridi sana, mkunga," akasema, kwa sauti ndogo iliyokaribia kufunikwa na maji ya bomba. "Mafuta yaliganda, tukadhani ni sabuni."